Jioni na Kitabu: Makoti Matatu katika Hadithi ya Pinocchio

Kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, mwezi huu tena twaketi pamoja taa ikiisha kuwashwa, tukifungua kitabu kimoja na kukitazama: chasema nini, chasimuliwaje, tena chafaa nini nyumbani na shuleni. Kitabu cha leo ni hadithi ya Pinocchio, mwanasesere wa mti, iliyotungwa katika nchi ya Italia. Wengi wenu mmeisikia hata kama hamkuisoma, maana habari ya pua yake iliyorefuka aliposema uongo imekwenda mbali kuliko kitabu chenyewe. Na kwa sababu ya pua hiyo imetupasa kuanza na kukiri kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha darasa la watoto wadogo. Palikuwa na mvulana mmoja, mpole, ambaye kwa siku tatu mfululizo alisema ya kuwa hesabu zake amekwisha kuzifanya, ila daftari amelisahau nyumbani. Siku ya nne hatukumwamini tena. Tukatwaa kitabu cha Pinocchio, tukasoma mbele ya darasa zima sura ile moja tu ya pua, huku tukimtazama yeye. Watoto wakacheka sana, nasi tukaona tumefundisha vema. Lakini kabla jua halijachwa mvulana yule alikwisha kupewa jina jipya, "Pua". Na kesho yake hakuja shuleni, wala kesho kutwa.

Jinsi habari ile ilivyokwisha tutaieleza mbele. Kwa sasa twasema hili tu: usiku wa siku ile ya pili alipokosekana tulikisoma kitabu chote, tangu mwanzo hata mwisho, nasi tukaona haya. Tulikuwa tukidhani ya kuwa ni hadithi ya pua. Kumbe ni hadithi ya koti.

Kwanza yafaa tumjue mtunzi. Jina lake hasa ni Carlo Lorenzini, naye alizaliwa katika mji wa Florence mwaka 1826. Baba yake alikuwa mpishi katika nyumba ya wakubwa, wala hakuwa mtu wa mali. Mama yake alitoka katika kijiji kiitwacho Collodi, na mtoto alipokuwa mtu mzima akalitwaa jina la kijiji hicho, akalitia katika maandiko yake. Kwa hiyo dunia yamjua kwa jina la Carlo Collodi. Alikwenda vitani kwa hiari yake mara mbili, mwaka 1848 na mwaka 1859, wakati watu wa Italia walipokuwa wakipigania nchi yao iwe moja. Alikuwa mwandishi wa magazeti, mwenye maneno makali na mzaha mwingi. Baadaye alifasiri hadithi za Kifaransa kwa ajili ya watoto, akaandika na vitabu vya shule.

Nchi ya Italia iliunganishwa kuwa dola moja mwaka 1861, lakini watu wengi walikuwa maskini, hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1877 ikatolewa sheria ya kuwalazimisha watoto wa miaka sita hata tisa wahudhurie shule. Basi fikirini, wasomaji, nyumba ngapi siku zile zilikuwa na baba asiyejua herufi hata moja, naye anatafuta fedha za kumnunulia mwanawe kitabu cha kwanza cha kusomea. Katika nyumba za namna hiyo ndimo Pinocchio alimozaliwa. Tarehe 7 Julai 1881 gazeti moja la watoto la mjini Roma lilianza kutoa hadithi yake, kipande kwa kipande. Collodi alikuwa mtu wa miaka 54.

Sasa tuwatazame watu wa hadithi. Wa kwanza ni mzee Geppetto, fundi maskini aliyekichonga kipande cha gogo kiwe mwanasesere. Katika chumba chake mna kiti kibovu, kitanda kisicho kizuri na meza iliyovunjika. Ukutani mmechorwa moto uwakao na chungu kinachotokota; lakini ni rangi tu, hapana moto wala chakula. Msimulizi hatuambii kwa maneno mengi ya kuwa mzee huyu ni maskini. Atuonyesha chungu kile, nasi twaelewa.

Wala Geppetto si mtakatifu. Ana hasira ya upesi. Kichwani avaa nywele za bandia za rangi ya manjano, na watu wa mtaa wamempa jina la utani, Polendina, kwa sababu nywele zile zafanana na polenta, chakula cha unga wa mahindi kilicho jamaa ya ugali wetu. Alisikiapo jina hilo hupandwa na ghadhabu, akapigana. Sisi tulipofika hapo tulisimama kidogo. Hata mtu mzima mwenye mvi haoni raha kuitwa kwa jina la kuchekwa. Je, mtoto wa darasa?

Wa pili ni Pinocchio mwenyewe. Kabla hajamalizwa kuchongwa alikwisha kumcheka baba yake. Alipopata miguu akatoka mbio njiani. Geppetto akamkamata, watu wakakusanyika wakisema ya kuwa mzee huyu mkali atamwumiza mtoto, na askari akamtia gerezani baba, akamwachilia mwana. Huo ndio mwanzo wa malezi yao.

Wa tatu ni Nyenje, mdudu yule aliaye usiku, naye katika hadithi hii ajua kusema. Alikuwa amekaa chumbani mle zaidi ya miaka mia. Alipoona Pinocchio amerudi peke yake, akamwonya: watoto waasio wazazi wao mwisho wao ni majuto, asiyetaka shule na ajifunze kazi, asiyetaka yote mawili ataishia hospitalini au gerezani. Maneno yake yote ni ya kweli. Pinocchio akashika nyundo ya mti akamtupia, na Nyenje akafa ukutani. Hayo yamo katika sura ya nne, nayo kitabu kina sura 36.

Hapa twaomba akina baba, akina mama, na walimu wenzetu wafikiri pamoja nasi. Kwa nini mtunzi aliyekuwa ameandika vitabu vya shule amwue mwonyaji mapema namna hii? Mwaka 1940 ilipotolewa sinema ya Walt Disney ya hadithi hii, Nyenje alifanywa rafiki wa Pinocchio katika safari yote. Na hata leo watoto wengi wamjua kwa namna hiyo. Lakini Collodi aliona jambo jingine. Nyenje alisema kweli, ila alisema na mtoto mwenye njaa aliyeachwa peke yake, mbele ya chungu cha rangi. Hakumpa kitu. Onyo peke yake halikumwingia. Nasi twasema kwa uchungu ya kuwa tulijiona katika Nyenje yule, isipokuwa kwamba yeye alimwonya mtoto faraghani, na sisi tulimwonya mbele ya watu.

Sasa njooni katika koti la kwanza. Geppetto alipotoka gerezani alimkuta mwanawe ana njaa, na miguu yake imeungua, maana alilala ameiweka juu ya chombo cha makaa. Mzee alikuwa na mapeasi matatu, chakula chake cha asubuhi, akampa yote. Pinocchio akasema hali tunda lisilomenywa. Baba akamenya, akaweka maganda na kokwa kando pasipo neno. Na kwa njaa yake Pinocchio akala matunda, kisha maganda, kisha na kokwa. Ndipo Geppetto akamchongea miguu mipya. Mwana akasema yu tayari kwenda shule, lakini hana kitabu. Geppetto akanyamaza kidogo, akavaa koti lake kuukuu lenye viraka, akatoka. Aliporudi alikuwa na kitabu mkononi, na mwilini shati tu. Na nje theluji ilikuwa ikianguka. Mwanawe akamwuliza koti li wapi. Akajibu ya kuwa ameliuza, kwa sababu lilikuwa likimtia joto.

Pinocchio akafahamu mara moja, akamrukia baba yake shingoni, akambusu. Angalieni tofauti: hotuba ya Nyenje ilimletea nyundo, koti la Geppetto lilimletea busu. Wala msidhani ya kuwa alitengenea siku ile. La. Kesho yake alipokuwa akienda shule alisikia ngoma na filimbi za mchezo wa wanasesere, akakiuza kile kitabu kwa mnunuzi wa nguo kuukuu, kwa sarafu nne za shaba, apate kuingia kutazama. Ndipo mtunzi atukumbusha ya kuwa nyumbani yuko mzee atetemekaye kwa baridi ndani ya shati lake. Hamwiti mtoto mwovu. Atuonyesha mzee yule, basi.

Koti la pili halikushonwa kamwe. Mwenye mchezo ule, jitu la kutisha liitwalo Mangiafuoco, aliposikia umaskini wa Geppetto aliona huruma, akampa Pinocchio sarafu tano za dhahabu ampelekee baba yake. Pinocchio akashika njia akiwa na furaha, akawaza kumnunulia baba yake koti la dhahabu na fedha, lenye vifungo vya almasi. Njiani akakutana na Mbweha aliyejifanya kiwete na Paka aliyejifanya kipofu. Nao hawakumpokonya sarafu zake mara ile. Walimwuliza: je, wataka sarafu tano ziwe elfu? Ziwe elfu mbili? Wakamwambia habari ya Shamba la Miujiza, ambako mtu akizika sarafu moja na kuitia maji na chumvi, asubuhi huona mti umezaa sarafu mia tano. Pinocchio kwa ukarimu wake akataka kuwapa sehemu, nao wakajifanya wamechukizwa, wakasema ya kuwa wao hufanya kazi kwa faida ya wengine tu.

Wasomaji wetu, nani kati yetu hajawasikia Mbweha na Paka? Huja wakati mtu ana haja njema moyoni. Kama Pinocchio angalitaka peremende tu, labda asingalidanganyika. Lakini alitaka koti la baba yake, tena alilitaka kubwa kuliko lipasavyo. Koti la kawaida angeweza kulinunua siku ile ile kwa sarafu alizokuwa nazo. Akaibiwa zote. Na alipokwenda kushtaki, hakimu, naye ni sokwe mzee mwenye miwani isiyo na vioo, alimsikiliza kwa huruma nyingi, kisha akaamuru atiwe gerezani kwa kuwa ameibiwa. Akakaa miezi minne. Watoto hucheka sana hapo. Watu wazima hucheka polepole.

Lakini kabla ya gereza lile palikuwa na kufa. Wanyang'anyi wawili, nao ni wale wale Mbweha na Paka ndani ya magunia, walimfukuza usiku, wakamtundika kwa shingo katika mti mkubwa wa mwaloni ili ateme sarafu alizozificha chini ya ulimi. Upepo ukamyumbisha, macho yakaingia giza, na neno lake la mwisho lilikuwa la kumkumbuka baba yake. Hiyo ni sura ya 15, na hapo ndipo Collodi alipomaliza hadithi katika Oktoba 1881. Alimwacha amekufa. Mtoto asiyesikia ameona mwisho wake: ndivyo zilivyokwisha hadithi nyingi za maonyo.

Wasomaji wadogo hawakukubali. Wakasikitika, na wenye gazeti wakamtaka mtunzi aendelee. Mwezi wa Februari 1882 hadithi ikarudi, ikaendelea hata Januari 1883, na mwaka huo huo ikapigwa chapa kuwa kitabu mjini Florence, pamoja na picha za Enrico Mazzanti. Twapenda kuitafakari sana habari hii. Mtunzi alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Watoto wakamwombea mwenzao wa mti apewe nafasi ya pili. Na kitabu kipendwacho hata leo ni matunda ya maombezi yale. Sura 21 nzima, zaidi ya nusu, zimeandikwa baada ya mwisho.

Aliyemwokoa ni Bibi mwenye nywele za rangi ya samawati, kiumbe mwenye uwezo wa ajabu, karibu na majini wema wa hadithi zetu za pwani. Kwanza aonekana kama mtoto wa kike, kama dada. Baadaye kama mwanamke mzima, naye amwambia Pinocchio ya kuwa atakuwa mama yake. Katika nyumba yake ndimo ilimotokea habari ya pua. Akamwuliza sarafu zi wapi. Pinocchio akajibu uongo mara tatu, na kila mara pua ikarefuka, hata asiweze kugeuka chumbani. Bibi akacheka, ni kweli. Akamwacha alie nusu saa. Lakini hapakuwa na watu wa kumchekelea, na alipomwona macho yamemvimba akamhurumia, akapiga makofi, wakaingia ndege elfu, vigong'ota, wakaidonoa pua hata ikarudi kipimo chake.

Tena tulipohesabu tulishangaa jinsi pua ile irefukavyo mara chache. Ilirefuka alipokuwa akichongwa; ilirefuka alipogundua ya kuwa chungu cha ukutani ni rangi tu, naye ana njaa; ilirefuka mbele ya Bibi; tena ilirefuka alipokutana na mzee mmoja njiani, akajisifu ya kuwa Pinocchio ni mtoto mtiifu asiye na kifani. Lakini hapo hapo alipojishika pua akaungama ya kuwa huyo Pinocchio ni mkaidi na mvivu, nayo ikafupika bila ndege wala Bibi. Sura hiyo, walimu wenzetu, hatukuwasomea watoto. Tuliwasomea pua iliyorefuka. Hatukuwasomea pua iliyofupishwa na ungamo.

Tusidhani lakini ya kuwa msimulizi huyu ni mlegevu. Pinocchio alikuwa na rafiki, mvulana mwembamba aitwaye Lucignolo, maana yake utambi. Siku moja kabla Pinocchio hajageuzwa kuwa mtoto wa kweli, Lucignolo alimshawishi waende Nchi ya Michezo, isiyo na shule wala mwalimu. Wakacheza miezi mitano. Asubuhi moja wakaamka na masikio ya punda. Wakachekana, na katikati ya kicheko sauti zao zikageuka kuwa mlio wa punda. Wakauzwa. Pinocchio alifunguliwa baadaye, lakini Lucignolo hakufunguliwa. Mwisho wa kitabu Pinocchio amkuta katika zizi la mkulima, punda aliyechoka, akifa kwa njaa na kazi. Wanafunzi wake wa kwanza hujiuliza kwa nini huyu asiokolewe. Nasi hatuna jibu jepesi. Mtunzi hakutaka kuwaambia watoto ya kuwa kila kosa lina mlango wa kutokea.

Twafika koti la tatu. Geppetto alikuwa amejenga mashua ndogo avuke bahari kumtafuta mwanawe, akamezwa na papa, samaki mkubwa kuliko jengo la ghorofa tano. Katika sinema ni nyangumi. Katika kitabu ni papa. Pinocchio naye akamezwa, na gizani akaona mwanga mdogo mbali. Alikuwa baba yake, ameketi mezani mbele ya mshumaa wa mwisho, baada ya miaka miwili. Msomaji wa habari za Yona atakumbuka mara moja. Lakini Yona alikuwa peke yake tumboni mwa samaki, na hawa walikuwa wawili, na safari hii ni mwana aliyembeba baba mabegani akaogelea naye.

Kisha mambo yakawa madogo, na hapo ndipo ukubwa wake. Geppetto yu mgonjwa, ahitaji maziwa. Mkulima ataka ndoo mia za maji kwa bilauri moja. Pinocchio, ambaye hakupata kufanya kazi, akazungusha gurudumu la kisima hata akatoka jasho mwili mzima. Akafanya hivyo kila alfajiri kwa miezi zaidi ya mitano. Akajifunza kusuka vikapu. Jioni alisoma katika kitabu kikubwa alichokinunua kwa senti chache kwa kuwa kurasa zake za mwanzo na za mwisho zilikuwa zimepotea. Akaandika kwa kijiti kilichochongwa, akichovya katika maji ya matunda kwa kuwa hakuwa na wino. Yule aliyeuza kitabu kizima apate kuona mchezo sasa asoma kitabu kilichokatika.

Akaweka akiba ya sarafu arobaini za shaba, akaenda sokoni kujinunulia koti. Njiani akasikia habari ya kuwa Bibi yule yu mgonjwa hospitalini, hana hata kipande cha mkate. Akatoa sarafu zote arobaini, akarudi nyumbani. Baba yake akamwuliza koti jipya li wapi. Akajibu ya kuwa hakupata hata moja linalomfaa mwilini. Na usiku ule, badala ya kukesha hata saa nne akasuka vikapu vinane, alikesha hata saa sita akasuka kumi na sita.

Alipoamka alikuwa mtoto wa kweli.

Basi twarudi kwa mvulana wetu. Siku ya tatu ya kukosekana kwake mama yake alikuja shuleni. Hakuja kugombana. Aliuliza tu kwa nini mwanawe aitwa Pua. Tukamweleza habari ya daftari. Akakaa kimya, kisha akasema ya kuwa daftari lilikwisha kujaa hata pembezoni, na baba mtu alikuwa amelala mgonjwa mwezi wa pili, na mtoto hakutaka kuomba senti nyumbani wala kusema shuleni ya kuwa hawana. Hesabu alikuwa akizifanya kila jioni kwa mkaa, juu ya ubao wa mlango wa jiko.

Wasomaji wetu, sisi hatutaki kuwafundisha watoto ya kuwa uongo ni kitu chepesi. Uongo ni uongo, na mvulana yule alipaswa kutwambia kweli. Lakini twawaulizeni: Geppetto aliposema koti lilimtia joto, na Pinocchio aliposema hakupata linalomfaa, kwa nini pua ya mwana haikurefuka hata kidogo? Twadhani mtunzi alijua ya kuwa yako maneno asemayo mtu ajipatie kitu, na yako maneno asemayo mtu afunike upungufu wake ili mwenziwe asiumie. Ya pili nayo yana hatari yake. Lakini mzazi au mwalimu ayasikiaye kazi yake si kupima pua. Kazi yake ni kuuliza koti li wapi. Geppetto aliulizwa. Pinocchio aliulizwa. Mvulana wetu hatukumwuliza.

Tulikwenda nyumbani kwao jioni ile, tukasema kosa letu mbele ya baba yake kitandani; na kesho yake tukalisema mbele ya darasa. Jina la Pua halikufa siku moja. Yalihitajika majuma mengi. Nasi tukaanza kusoma kitabu upya, sura moja kila siku, tangu gogo la Geppetto. Tulipofika sura ya 36 mvulana yule aliomba asome yeye. Akasoma vizuri. Tulipofika mahali pa koti hakuna aliyecheka.

Kwa wanaotaka kusoma hadithi hii nyumbani twatoa shauri dogo. Msichague sura moja ya kumpigia mtoto mmoja. Someni yote, kwa watoto wote. Mkifika sura ya 15 fungeni kitabu usiku ule, msiwaambie ya kuwa iko sura ya 16. Waacheni wamwombee Pinocchio, kama walivyofanya watoto wa mwaka 1881. Na mkimaliza, mzee wa nyumba na awaambie wanawe habari ya koti moja lililouzwa katika jamaa yao: ni nani aliyeliuza, na lilinunua nini. Hakuna nyumba isiyo na koti la namna hiyo.

Kwaherini hata mwezi ujao.